Kumhudumia na kumfundisha mgonjwa wa moyo: kuanzia kitanda cha wodini hadi jikoni kwake

Mgonjwa aliyeruhusiwa wiki tatu zilizopita anarudi wodini miguu imejaa, hawezi kulala chali, anahema hata akiwa amekaa. Ukimhoji taratibu, mara nyingi utakuta vidonge viliisha na hakuna aliyekumbuka kununua vingine, au alirudi kwenye mapishi ya zamani yenye chumvi nyingi, au goti lilimuuma akachukua diklofenaki duka la jirani. Yote matatu yanazuilika, na anayeweza kuyazuia zaidi ni muuguzi, kwa sababu ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi wa wodi na kliniki, na pia kwa ndugu anayeuguza nyumbani. Unahusu moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, hali ambayo mitaani huitwa moyo mkubwa au moyo kutanuka. Afrika Mashariki chanzo chake kikubwa ni presha iliyokaa miaka bila kutibiwa, valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni, na udhaifu wa msuli wa moyo wenyewe, ukiwemo ule unaowapata akina mama mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawa bado wana umri wa kufanya kazi na kulea watoto, na mafundisho yako lazima yaingie katika maisha ya namna hiyo.

Kwa nini maji yanajaa

Moyo ukisukuma kwa udhaifu, figo hufikiwa na damu kidogo. Figo nazo huchukulia kwamba mwili umeishiwa maji, kwa hiyo hubana chumvi na maji badala ya kuyatoa. Mzunguko unajaa, damu inarundikana nyuma ya moyo. Ikirundikana upande wa kushoto, maji huvujia kwenye mapafu: mgonjwa anakohoa usiku, anaamka ghafla akitafuta hewa, anahitaji mito mitatu ili alale. Ikirundikana upande wa kulia, miguu inavimba, tumbo linajaa, ini linauma, hamu ya kula inaisha.

Mweleze mgonjwa jambo hili kwa lugha nyepesi: moyo wako ni kama pampu ya kisima iliyochoka, isiposukuma vizuri maji yanatuama. Akielewa hilo, ataelewa kwa nini unamsumbua kuhusu mzani na chumvi.

Anapofika akihema

Usimlaze. Mkalishe wima, mgongo umeegemea kitu, miguu ining'inie pembeni mwa kitanda ikiwa presha yake si ya chini. Kitanda kisipoinuka, pindua kiti cha kawaida, kiweke kichwani mwa kitanda mteremko wa mgongo wa kiti ukimwelekea mgonjwa, kisha panga mito juu yake. Weka mto chini ya kila mkono. Mikono ikiegemea, misuli ya kifua inapumzika.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, usihesabu robo dakika ukazidisha. Pima oksijeni, presha, mapigo, joto na sukari. Kipimo cha kidoleni hudanganya kama mkono ni wa baridi, au kucha zina rangi, au vidole vimepakwa piko, jambo la kawaida kwa mwanamke aliyetoka harusini pwani. Jaribu kidole kingine au ncha ya sikio kabla ya kuamini namba.

Oksijeni mpe ikiwa kipimo kiko chini ya asilimia 90. Anza na lita 2 hadi 4 kwa dakika kwa mrija wa puani. Isipopanda, tumia barakoa lita 6 hadi 10. Aliye na asilimia 95 haongezewi kitu kwa kuwekewa mtungi, na huenda mtungi huo unahitajika kitanda cha pili.

Furosemidi ya mshipa, dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, ndiyo itakayomfungulia pumzi. Kwa kawaida daktari huandika miligramu 20 hadi 40 kwa asiyewahi kuitumia. Kwa anayeimeza kila siku, dozi ya mshipa isipungue ile ya vidonge anayoitumia kwa siku. Pima presha kwanza. Namba ya juu ikiwa chini ya 90, ngozi ni ya baridi yenye jasho, au mgonjwa anachanganyikiwa, simama na umwite daktari sasa hivi, kwa sababu huyo damu yake haifiki kwenye viungo na kumkausha zaidi kunaweza kummaliza. Presha ikiruhusu, choma polepole: miligramu 40 zichukue dakika 2 au zaidi, na dozi kubwa zipitie dripu ndogo kwa kasi isiyozidi miligramu 4 kwa dakika. Ukisukuma kwa haraka masikio yanaanza kuvuma na uziwi unaweza kufuata.

Kabla ya kuchoma, andaa pa kukojolea. Dawa hii ikipita kwenye mshipa huanza kufanya kazi ndani ya dakika 5 na kufikia kilele kama nusu saa baadaye. Mgonjwa dhaifu akishikwa na mkojo hukimbilia choo cha mwisho wa korido, na huko ndiko anakoangukia. Weka kopo la mkojo au beseni kando ya kitanda, na umwambie atumie hilo. Mpira wa mkojo usiwe desturi ya kila mgonjwa wa moyo. Uweke kwa aliyezidiwa, ambaye lazima upime mkojo wake kila saa, na uutoe mara tu sababu hiyo inapoisha. Maambukizi ya njia ya mkojo ni mzigo mpya kwa moyo uleule.

Katika saa 6 za mwanzo tarajia angalau mililita 100 hadi 150 za mkojo kwa saa. Ukiona pungufu ya hapo, mwarifu daktari muda huohuo ili dozi iongezwe. Usisubiri raundi ya asubuhi.

Neno moja kuhusu dripu. Ndugu wengi wakimwona mgonjwa amelegea huomba awekewe dripu ya nguvu. Lita moja ya maji ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi, karibu mara mbili ya kiasi ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi kwa siku nzima. Waeleze kwa upole kwamba maji hayo yataishia kwenye mapafu yake. Na wewe pia hesabu kila mililita 100 unayochanganyia antibayotiki.

Chati ya maji na mzani

Chati ya maji yanayoingia na kutoka ndiyo karatasi inayojazwa vibaya kuliko zote wodini. Makosa yake yanajulikana. Ndugu analeta chupa ya chai na uji wa saa kumi, hakuna anayeandika. Mtu wa usafi au ndugu anamwaga mkojo kabla haujapimwa. Shifti ya usiku inaandika "amekojoa mara 3" badala ya mililita. Daktari anaongeza au kupunguza dawa kwa namba ambazo si za kweli.

Tiba yake ni ndogo. Mpe mgonjwa kikombe kimoja tu na upime mara moja kinachukua mililita ngapi. Vikombe vingi vya chai vinachukua 200 hadi 300, lakini kikombe kikubwa cha bati chaweza kufika 500. Weka jagi lenye vipimo chini ya kitanda, na kipande cha karatasi na kalamu ukutani. Mfundishe ndugu anayelala naye kuchora mstari mmoja kwa kila kikombe kilichonywewa. Anayejua kuhesabu anaweza kazi hii, na akiizoea hapa ataiendeleza nyumbani.

Hata hivyo mzani ni mkweli kuliko chati. Kilo moja iliyopungua ndani ya siku moja ni takriban lita moja ya maji iliyotoka. Pima kila asubuhi kabla ya chai, mzani uleule. Dharura ikishapita, kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa siku ni mwendo mzuri kwa wengi. Akipungua haraka zaidi, angalia presha akiwa amelala na akiwa amesimama, muulize kuhusu kizunguzungu na kukaza kwa misuli, na ukumbushe vipimo vya damu vya potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo).

Uvimbe upime kwa kidole gumba: bonyeza juu ya mfupa wa muundi, sentimita chache juu ya kifundo, hesabu polepole hadi tano, kisha achia uone shimo linabaki kiasi gani. Kwa aliyelala siku nyingi maji hayako miguuni tena, yametelemkia kiunoni, kwa hiyo bonyeza hapo. Ngozi iliyovimba huchubuka upesi: mgeuze kila saa mbili, kausha mikunjo, usiburute shuka chini yake. Mpe chakula kidogo mara tano au sita kwa siku, kwa sababu utumbo uliojaa maji unashiba haraka. Hakikisha anapata choo laini asijikamue.

Mafundisho: anza akipata nafuu

Kosa kubwa ni kumfundisha siku ya ruhusa, wakati ndugu wako dirishani wanalipa, gari linasubiri nje, na yeye mawazo yako nyumbani. Anza siku anapoweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kila siku somo moja, dakika 10 zinatosha.

Muulize kwanza: "Mama, nyumbani nani anapika?" Jibu ndilo litakalokuambia somo la chumvi umpe nani. Mzee mwenye miaka 70 hapiki; ukimhubiria yeye peke yake kuhusu chumvi umepoteza muda. Mwite mkewe, binti au mkwe aje saa ya kutembelea wagonjwa.

Baada ya kila somo, mwombe akuelezee. Usiseme "Umeelewa?", maana atajibu ndiyo kwa heshima. Sema: "Bibi, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Kesho asubuhi ukiamka nyumbani, utafanya nini kabla ya chai?" Akikosea, rudia kwa maneno mengine, kisha uulize tena. Mtu asiyesoma mpe karatasi yenye michoro: jua na mwezi kwa nyakati za dawa, na kidonge chenyewe kimebandikwa kwa selotepu.

Somo la kwanza: uzito

Mwonyeshe kwa vitendo, apande mwenyewe kwenye mzani wa wodi.

1. Akiamka, akojoe kwanza.
2. Apime kabla ya kula au kunywa chochote.
3. Avae nguo nyepesi zilezile, kanga moja au bukta, bila viatu.
4. Mzani uwe juu ya sakafu ngumu. Juu ya mkeka au zulia unadanganya.
5. Aandike namba kwenye kalenda ya ukutani palepale, asingoje baadaye.

Uzito wa siku ya ruhusa, akiwa hana uvimbe tena, ndio uzito wake mkavu. Uandike kwa kalamu nene kwenye kadi ya kliniki. Kisha mpe namba ya kukariri: *ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, piga simu au njoo, hata kama unajisikia vizuri.* Uzito hupanda siku kadhaa kabla ya pumzi kukatika, na siku hizo ndizo unazoweza kumwokoa kwa kuongeza kidonge badala ya kumlaza.

Wengi hawana mzani nyumbani. Zipo njia mbili. Ya kwanza, apime mara mbili kwa wiki kwenye zahanati au duka la dawa lililo karibu, daima palepale na asubuhi. Ya pili, utepe wa fundi cherehani: azungushe juu kidogo ya kifundo cha mguu kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mahali alipoweka alama ya kalamu, aandike sentimita. Utepe hauna usahihi wa mzani, lakini unaonyesha kama mambo yanapanda au yanashuka. Pamoja na hayo aangalie kandambili zinazobana, pete isiyotoka, mkanda uliosogea tundu moja, na idadi ya mito.

Somo la pili: chumvi, kwa mpishi

Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na chumvi iliyofichwa ndani ya mkate na vyakula vya kununua. Kwa hiyo jikoni mpe mpishi kipimo hiki: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa ajili ya mgonjwa, kinawekwa asubuhi kwenye kikopo kidogo, kikiisha kimeisha hadi kesho. Njia rahisi kwa familia kubwa ni kupakua mboga ya mgonjwa kabla sufuria haijatiwa chumvi, kisha kumnyunyizia kutoka kwenye kikopo chake. Kachumbari bila chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na pilipili zitafidia ladha. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache; mwambie hivyo, maana siku za mwanzo chakula kitakuwa kama karatasi na atakata tamaa.

Chumvi iliyofichwa ndiyo inayowashinda wengi:

- vidonge na unga wa kuunga mchuzi;
- samaki wa chumvi na ng'onda, ambao hata wakilowekwa usiku kucha bado wanabaki na nyingi (dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana tatizo);
- achari, krispi, karanga za kukaanga za pakiti, soseji, nyama za kopo, chipsi za barabarani na supu ya asubuhi ya mgahawani;
- magadi.

Hilo la mwisho lisemee kwa mkazo. Wapishi wengi hutia magadi kwenye maharage, makande au mlenda ili vilainike, na kwa kuwa si chumvi hawaihesabu. Magadi nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na figo haitofautishi. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yapikwe bila magadi. Yatachukua muda zaidi jikoni, hilo liseme wazi ili mpishi ajipange.

Chumvi mbadala za dukani nyingi zina potasiamu badala ya sodiamu. Kwa anayetumia spironolaktoni au enalapril, dawa za moyo zilizo kwenye somo la tatu, zinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukasimama. Asizitumie bila ruhusa ya daktari.

Maji ya kunywa

Si kila mgonjwa wa moyo anapaswa kubana maji. Agizo la lita 1.5 hadi 2 kwa siku hutolewa kwa mwenye hali kali au mwenye sodiamu ya chini. Aliyepewa agizo hilo mfundishe hivi: asubuhi ajaze chupa ya lita moja na nusu. Akinywa maji, anywe kutoka humo. Akinywa kikombe cha chai, uji, supu, maziwa au soda, amimine kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa kwenda kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kiu aipunguze kwa kusukutua, kipande cha barafu au kunyonya ndimu.

Akiharisha au kutapika, mambo yanageuka: agizo la kubana maji halifai tena, na vidonge vya kutoa maji pamoja na enalapril vinaweza kuumiza figo. Apige simu siku hiyohiyo aambiwe kipi asimamishe.

Somo la tatu: dawa

Mwage vidonge vyake vyote mezani, vya hospitali na alivyokuja navyo kwenye mfuko, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja ajue kinafanya nini, anakunywa lini, na kitu kipi kitamfanya atamani kukiacha. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika.

Furosemidi hunywewa asubuhi, na dozi ya pili ikiwepo isipite saa nane mchana, la sivyo atakesha chooni. Watu huiacha siku ya safari kwa kuogopa basi. Mwambie asiruke siku: asogeze saa, anywe akifika, ilimradi si usiku.

Spironolaktoni kwa wanaume huweza kuvimbisha matiti na kuyafanya yaume. Mwanamume ataacha dawa kimyakimya kwa aibu. Mwambie mapema, na umweleze kwamba daktari anaweza kubadilisha. Dawa hii na enalapril zote hupandisha potasiamu, kwa hiyo vipimo vya damu wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuanza si vya hiari. Madafu yana potasiamu nyingi. Dafu la mara mojamoja kwa mwenye figo nzima ni sawa, lakini madafu kila siku kwa mwenye figo dhaifu anayemeza dawa hizi mbili ni hatari.

Enalapril, lisinopril na kaptopril, dawa za kulegeza mishipa ya damu, huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Kikimsumbua arudi abadilishiwe, mara nyingi apewe losartani. Midomo, ulimi au uso ukivimba, aache na akimbilie hospitali. Mama mjamzito hatumii hizi wala losartani.

Karvedilol na bisoprolol, dawa za kutuliza mapigo ya moyo, huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, kwa kawaida kila wiki mbili. Wiki za mwanzo mgonjwa hujisikia mchovu kuliko alivyokuwa. Usipomwambia, ataona dawa inamuua. Karvedilol imezwe pamoja na chakula. Asiache ghafla hata ikiisha. Mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika au akizimia, apige simu.

Digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu: sikiliza mapigo kifuani dakika nzima kabla ya kumpa mtu mzima, yakiwa chini ya 60 izuie na umwarifu daktari. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona vitu vya rangi ya njano au kijani ni sumu yake, na potasiamu ya chini huizidisha.

Mwenye valvu ya chuma au mapigo yasiyo na mpangilio atakuwa na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ainywe saa ileile kila jioni. Kwa wengi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kwa baadhi ya valvu za chuma hadi 3.5. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki asiache. Ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo ndiyo inayovuruga kipimo ikipanda na kushuka. Damu ya fizi, mkojo mwekundu, choo cheusi au kuanguka na kugonga kichwa: hospitali.

Vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki wana sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, yuniti milioni 1.2 kwa mtu mzima na 600,000 kwa mtoto mdogo, kwa miaka mingi, wengine hadi umri wa miaka 40 au zaidi. Sindano inauma, na maumivu ndiyo sababu wanaikwepa. Iache ifikie joto la chumba, tumia lignokaini (dawa ya ganzi) kama utaratibu wenu unaruhusu, sukuma kwa dakika 2 hadi 3. Anayetumia wafarini aseme kabla ya kuchomwa, na pakandamizwe dakika 10. Mwenye valvu iliyoharibika sana na moyo uliokwisha kushindwa aonwe na daktari kwanza. Baadhi yao hupewa vidonge badala ya sindano.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na jamaa zao zibandikwe marufuku kwenye kadi. Zinashikilia chumvi na maji na kuumiza figo, na maduka mengi huziuza bila kuuliza swali. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol ya kumeza ya kawaida; ile inayoyeyuka kwenye maji huku ikitoa mapovu ina sodiamu nyingi. Dawa za nguvu za kiume mgonjwa asinunue bila kusema: sildenafil ikikutana na dawa za nitreti za maumivu ya kifua huporomosha presha vibaya. Za mitishamba pia aziseme, na wewe usimcheke wala kumkaripia, au hatasema tena.

Kisha muulize pesa, faraghani. "Baba, vidonge hivi vikiisha, utavipataje?" Ikionekana hataweza vyote, mpeleke kwa daktari au ofisa ustawi wa jamii kabla ya ruhusa. Dawa nyingi za msingi hapa zina aina za bei nafuu, lakini lazima mtu aziandike.

Maisha ya kila siku

Kutembea ni dawa. Aanze dakika 5 hadi 10 kwenye tambarare mara mbili kwa siku, aongeze dakika chache kila wiki. Kipimo chake ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Tendo la ndoa linaruhusiwa kwa anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kuumwa kifua. Sigara na pombe aache.

Mwezi wa Ramadhani uzungumzwe wiki kadhaa kabla. Aliyelazwa karibuni, anayevimba au anayemeza furosemidi mara mbili kwa siku hapaswi kufunga. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini badala yake. Mgonjwa anayesita azungumze na shehe wake, na wewe umwandikie karatasi ya hali yake. Aliyetulia akikubaliwa kufunga, dawa zake zipangwe upya kwa futari na daku, apimwe uzito kila siku.

Mama aliyepata udhaifu wa moyo kwa sababu ya uzazi asiondoke bila njia ya uzazi wa mpango. Kijiti na kitanzi vinafaa. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Ujauzito mwingine unaweza kumrudisha pabaya, hata kama amepona, kwa hiyo mumewe awepo mnapozungumza.

Wakati wa kupiga simu, wakati wa kukimbia

Simu siku hiyohiyo: uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu au tumbo vinajaa, ameongeza mto, kikohozi cha usiku, kizunguzungu akisimama, kuharisha au kutapika, dawa zimebaki za siku mbili.

Hospitali mara moja, hata saa nane usiku: kukosa pumzi akiwa amekaa, makohozi yenye povu la waridi, maumivu au uzito wa kifua unaozidi dakika 15, kuzimia, mdomo kupinda au mkono kulegea upande mmoja. Familia iwe na namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wanaopokea usiku, zimeandikwa mlangoni. Mgonjwa asafiri amekaa wima. Asipakiwe nyuma ya bodaboda akiwa anahema.

Siku ya ruhusa na wiki mbili za mwanzo

Kabla hajatoka, awe na uwezo wa kukujibu bila kusoma: uzito wangu mkavu ni kilo ngapi, nikiongezeka kiasi gani nipige simu, napiga namba ipi, dawa zangu ni zipi, dawa gani ya maumivu siruhusiwi, chumvi yangu ni kiasi gani. Akikosa mawili au zaidi, rudia masomo hayo siku hiyo, na ndugu akiwepo.

Mpangie kliniki ndani ya siku 7 hadi 14, tarehe na saa zimeandikwa. Piga simu siku ya tatu. Usiulize "Unaendeleaje?", kwani atajibu "Namshukuru Mungu" na mtaagana. Uliza: leo asubuhi mzani umesema ngapi? Jana usiku ulilalia mito mingapi? Nisomee dawa ulizokunywa leo. Jana mlikula nini, na nani alipika? Akisita kwenye lolote kati ya hayo, mwombe akupe mtu anayempikia na uendelee na huyo.